Kompyuta Yenye Linux: Tahadhari Kuhusu Kuchanganya Maghala ya Programu

Tuchukue mfano wa mwenye duka la steshenari katika Kata ya Ijuganyondo, Manispaa ya Bukoba, aliyenunua kompyuta iliyokwisha kutumika yenye mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04. Uamuzi wake ni wa busara, kwani mfumo huo hauna ada ya leseni. Siku moja anahitaji toleo jipya la programu ya kuhariri picha za pasipoti. Fundi anamwongezea anwani ya ghala la Ubuntu 24.04, anasasisha, anaondoka. Kesho yake kompyuta haichapi, na mlangoni vijana wamepanga foleni na fomu za mikopo ya elimu ya juu ambazo dirisha lake linakaribia kufungwa.

Printa haina kosa. Programu za Linux huhifadhiwa katika maghala ya mtandaoni, nazo hugawiwa zikiwa vifurushi (hatuzungumzii vifurushi vya intaneti, ingawa hivi huvila vile). Kila kifurushi hubeba namba ya toleo pamoja na orodha ya vifurushi vingine kinavyovitegemea. Vilivyomo katika ghala la toleo moja hutayarishwa na kujaribiwa kwa pamoja. Kifurushi kiitwacho libc6, ambacho karibu kila programu hukitegemea, ni cha toleo la 2.35 katika Ubuntu 22.04 na la 2.39 katika Ubuntu 24.04. Programu iliyoundwa kwa 2.39 huweza kukataa kuwekwa juu ya 2.35. Hapo apt, chombo kinachosimamia vifurushi, huvuta libc6 mpya, nayo huandamana na vingine, na visivyopatana navyo huondolewa. Orodha ya vitakavyoondolewa huonyeshwa kwenye skrini kabla kazi haijaanza. Fundi mwenye haraka hubonyeza Y bila kuisoma, na CUPS, inayoendesha uchapaji, huweza kuwa miongoni mwa vilivyoondoka.

Wapo wanaoamini kuwa toleo jipya ndilo salama daima. Mwishoni mwa Machi 2024, mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri uliopandikizwa katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kuingia katika maghala ya majaribio ya Debian, lakini hayakuwa yamefika katika toleo lake thabiti. Hata hivyo, mfumo uliokwisha muda ni hatari vilevile: matunzo ya kawaida ya Ubuntu 20.04 yalikoma Mei 2025, ilhali ya 22.04 yanaendelea hadi 2027. Mwenye mfumo wa zamani anaweza kujiandikisha Ubuntu Pro, isiyotozwa ada kwa mtu binafsi hadi kompyuta 5, akaendelea kupata marekebisho ya usalama.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aandike amri lsb_release -a mbele yako. Itaonyesha toleo la mfumo. Kisha afungue orodha ya maghala katika /etc/apt. Jina jammy ni la 22.04, na noble ni la 24.04. Ukiyakuta yote mawili katika mashine moja, usiipokee hadi isafishwe. Amri ya apt policy, ikifuatiwa na jina la programu, huonyesha toleo lililowekwa na ghala lilikotoka. Ukihitaji programu mpya kuliko iliyomo ghalani, uliza kama ipo kwa Flatpak au Snap, ambazo huja na tegemezi zake bila kugusa za mfumo. Gharama yake ni intaneti: mafaili yake ni makubwa.

Umeme ukikatika katikati ya usasishaji, kwanza nakili kazi zako kwenye flashi mara tu kompyuta itakapowaka. Kisha tumia sudo dpkg --configure -a, halafu sudo apt --fix-broken install, nawe usome kila orodha kabla ya kukubali.

Risiti itaje toleo la mfumo uliouziwa. Fundi naye akuachie kwa maandishi anwani ya kila ghala aliloongeza. Malalamiko yaanzie kwa muuzaji mwenyewe, kwa barua yenye tarehe na nakala ya risiti hiyo.