Remorke nyuma ya gari: kuingia si kufaa



Kila siku katika kariere, katika atelie na kwenye barabara ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, magari yanavuta remorke. Moja inabeba siterne ya maji, nyingine kompresere, nyingine mashini ya kutoa umeme. Siku ya mapumziko wengine wanavuta mbuzi na ng'ombe kutoka shambani. Remorke haina shofere wake. Inafuata tu, na kinachoifanya ifuate ni chuma kidogo kuliko ngumi ya mtu. Chuma hicho kikiachia, mzigo wa tani moja unakwenda wenyewe, na kando ya barabara yetu hapakosi watu: wanafunzi, mama wenye biashara, vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya makala.

Mara nyingi kosa linaanza hivi: mtu anaweka remorke juu ya gari, anafunga, anasema «imeingia», anaondoka. Lakini kuingia si kufaa. Leo tujifunze namna ya kuchagua kiungo.

Tupatane kwanza juu ya majina. Kichwa ni chuma cha mviringo kilicho nyuma ya gari. Kikombe ni sehemu ya remorke inayokalia kichwa na kukibana. Mkono ni chuma kirefu kinachotoka kwenye remorke kuja kwenye gari.

1. Ujue uzani wote

Usikadirie kwa macho. Fanya hesabu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Siterne ya lita 1000 ni kilo 1000. Kama remorke tupu ni kilo 350, jumla ni kilo 1350. Hesabu ya wanyama ni hiyo hiyo. Farasi mkubwa ana kilo 500 hivi; farasi wawili ndani ya remorke ya kilo 900 wanafanya kilo 1900.

Shika namba hii: kilo 750. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya mwendo wa barabarani yanaita remorke nyepesi ile ambayo uzani wake wote unaoruhusiwa haupiti kilo 750. Ikipita hapo, lazima iwe na freni zake yenyewe. Kwa hiyo siterne yetu ya kilo 1350 isivutwe bila freni, hata kama gari lina nguvu. Nguvu ya kuvuta ni kitu kimoja. Nguvu ya kusimamisha ni kitu kingine.

2. Kipande kidhaifu ndicho kinachoamua

Tuchukue mfano. Gari linaruhusiwa kuvuta kilo 2500. Chuma kilichofungwa chini yake kinaruhusiwa kilo 2000. Kichwa kimeandikwa kilo 1200. Je, siterne yetu ya kilo 1350 inaweza kwenda? Hapana. Tunasoma namba zote, kisha tunafuata ile ndogo. Kichwa kisicho na namba, au kilichounganishwa kwa kuchomelea bila ruhusa ya atelie, kihesabiwe kuwa hakifai.

3. Kichwa na kikombe viwe vya kipimo kimoja

Magari yetu yanatoka nchi nyingi. Yale ya Ulaya na ya Afrika Kusini kwa kawaida yana kichwa cha milimita 50. Ya Marekani yanapimwa kwa inchi: kuna kichwa cha milimita 47,6, cha milimita 50,8 na cha milimita 58,7. Kwa macho, vile vitatu vya kwanza ni ndugu mapacha. Hapo ndipo hatari iko.

Kikombe cha milimita 50,8 kikiwekwa juu ya kichwa cha 47,6 kitakaa, na mkono wake wa kufungia utashuka vizuri. Kwenye lami kitatulia. Kwenye shimo la kwanza kubwa, remorke inaruka na kikombe kinatoka. Tena kikombe cha milimita 50 hakikai sawasawa juu ya kichwa cha 50,8. Usikilazimishe kwa nyundo.

Soma namba juu ya kichwa na juu ya kikombe. Kama zimefutika, fundi apime. Chuma nacho kinalika: kichwa cha milimita 50 kilicholika mpaka milimita 49 kibadilishwe.

Ukisha kufunga, fanya jaribio hili. Zungusha kigurudumu cha mbele cha remorke kama unataka kuinua mkono wake. Nyuma ya gari ikipanda pamoja nao, kikombe kimeshika. Mkono ukipanda peke yake, hakikushika.

4. Uzani unaolalia kichwa

Remorke haivuti nyuma tu. Inalalia pia kichwa kwa chini. Uzani huo ukiwa mdogo mno, remorke inaanza kuyumba kama mkia wa nyoka. Ukiwa mkubwa mno, nyuma ya gari inashuka, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, na usukani hautii vizuri.

Wamarekani wanafuata kanuni ya asilimia 10 mpaka 15 ya uzani wa remorke. Viungo vya Ulaya vinaruhusu kidogo zaidi, mara nyingi kilo 50 mpaka 100. Usichanganye kanuni hizo. Soma kibati cha gari na cha kiungo, ukaribie namba ndogo, lakini usiipite.

Kupima ni rahisi. Simamisha remorke yenye mzigo mahali palipo sawa, ziba magurudumu kwa mawe au vipande vya mbao, weka mizani chini ya mkono kwa urefu ule ule wa kichwa, usome. Uzani ukiwa mdogo, sogeza mzigo mbele. Ukiwa mkubwa, sogeza nyuma.

Angalia mzigo unaojisogeza wenyewe. Siterne iliyojaa nusu ni mbaya kuliko iliyojaa, sababu maji yanakimbia mbele wakati wa kufunga freni na nyuma wakati wa kupanda mlima. Wanaovuta farasi wanalijua neno hili: mnyama wa kilo 500 akirudi hatua moja, uzani juu ya kichwa umebadilika. Ndiyo sababu remorke ya farasi ina vyumba na vizuizi. Na kwa remorke kubwa za farasi, Wamarekani wanaweka kiungo ndani ya sanduku la pikapu, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Hapo uzani unalalia magurudumu, haushushi mkia wa gari. Kwetu, mbuzi na ng'ombe wafungwe vivyo hivyo wasikimbilie upande mmoja, na siterne ijazwe yote au iende tupu.

5. Urefu kutoka chini

Remorke iende sawa, pua yake isiangalie juu wala chini. Kwa magari madogo ya Ulaya, katikati ya kichwa panakuwa milimita 350 mpaka 420 kutoka chini, gari likiwa na mzigo. Magari yetu ya kupanda milima yako juu zaidi. Basi atelie iweke chuma cha kushusha kichwa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Usipinde chuma cha zamani kwa moto.

6. Kulabu na pete

Kompresere nzito na njia mbaya ya kariere zinataka kulabu na pete kuliko kichwa na kikombe. Kulabu inavumilia mabonde, lakini lazima mdomo wake ufungwe na pini iwe mahali pake. Pete haiwekwi juu ya kichwa cha mviringo, na kamba ya chuma si kiungo.

7. Mnyororo ni mlinzi wa mwisho

Mapatano yale yale ya Vienna yanataka remorke isiyo na freni ya kujifunga yenyewe iwe na mnyororo au kamba ya chuma, ili kiungo kikivunjika mkono usiguse barabara. Minyororo ikiwa miwili, ipishane chini ya mkono kama kitanda, iudake. Ifungwe kwenye chuma cha gari, siyo kwenye kichwa, maana kichwa kikitoka nayo inatoka. Iwe na urefu wa kutosha kupinda kona, isiburuze chini. Remorke yenye freni ina kamba ndogo inayovuta freni ikiachana na gari; nayo ifungwe kila safari.

Ikiyumba njiani, usiongeze mwendo na usikanyage freni kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, acha gari lipunguze mwendo lenyewe. Kisha simama utafute sababu.

Maswali ya kujadili na ekipi

— Remorke ya kazi yetu ina kilo ngapi ikijaa?
— Ni kipande gani chenye namba ndogo kuliko vyote?
— Kichwa na kikombe vina kipimo kimoja? Nani amepima?
— Mnyororo umefungwa wapi?

Na swali la mwisho ni la shefu pamoja na shofere. Ekipi inangoja maji, saa sita inakaribia, na remorke iliyopo haipatani na gari lililopo. Nani anasema hapana? Jibu: yule aliyeona kwanza, na shefu amuunge mkono. Maji yatakayochelewa yatafika jioni. Mtoto aliyegongwa na siterne kando ya barabara hatarudi kwao jioni ile.