Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo: Maelezo kwa Kaya za Makole

Mtindio wa ubongo ni hali ya kudumu inayotokea pale ubongo wa mtoto unapodhurika au kutokua ipasavyo kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au katika miaka ya mwanzo, ukashindwa kuiongoza misuli, hata mwili ukakakamaa, ukalegea au ukajisogeza wenyewe. Miongoni mwa vyanzo vyake ni kukosa hewa wakati wa uzazi, kuzaliwa njiti, manjano makali ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani. Uchawi haumo, wala mama kutoka nje ya ndoa, na kaya inayomlaumu mama humdhoofisha mtu ambaye mtoto humtegemea kuliko wote.

Mtoto ambaye shingo haijakaza afikapo miezi minne, au asiyeweza kukaa bila kushikwa afikapo miezi tisa, apelekwe Kituo cha Afya Makole, ambako mhudumu akiona haja atampa rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma. Ubongo ulioumia hauponi kwa dawa, lakini mazoezi ya viungo yakianza mapema hupunguza kukakamaa na humsaidia mtoto kujifunza kutumia mwili alionao.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni ulishaji. Mtoto anaponyweshwa uji akiwa amelala chali, shingo imerudi nyuma, chakula huweza kuingia njia ya hewa na kuleta nimonia, ugonjwa wa mapafu unaoua wengi wa watoto hawa. Inafaa mtoto aketishwe wima kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo kuta mbili huzuia mabega yasirudi nyuma, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa na khanga iliyokunjwa ikiegemeza kila ubavu. Mlezi huketi mbele yake kwenye kigoda, akaleta kijiko kidogo kikiwa usawa wa mdomo, kwa maana kijiko kikitoka juu mtoto hutazama juu na shingo hurudi nyuma. Kisha husubiri hadi ameze ndipo alete kingine. Uji wa uwele au mtama uwe mzito na laini, kwani mwepesi humpalia upesi, na ukiongezwa karanga zilizosagwa mtoto anayechoka haraka hupata nguvu kwa vijiko vichache. Mlo mmoja huweza kuchukua karibu saa nzima, na baada yake mtoto hubaki wima kwa nusu saa.

Kumbeba mgongoni, miguu ikiwa imetanuliwa, ni zoezi jema kwa mtoto ambaye miguu hukakamaa na kupishana. Akishikwa na degedege, alazwe ubavu mbali na jiko, wala asitiwe kitu mdomoni. Degedege likizidi dakika tano, akimbizwe kituoni.

Kazi ya kumtunza mtoto huyu humwelemea mtu mmoja, kwa hiyo ni haki baba, bibi na shangazi wajifunze kumlisha kwa namna iliyoelezwa hapo juu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya elimu sawa na wenzake. Afikapo umri wa shule, wazazi waende kumwandikisha.