Mafuriko yamepita Sombetini, Arusha: namna ya kuokota taka kando ya mto

Maji yakishapungua, kingo za mito na makorongo hubaki zimejaa mabaki: mifuko kwenye matete, chupa kwenye mizizi, nepi na vitambaa juu ya matawi. Ukitaka kushirikiana na majirani kusafisha, usianze na glovu wala reki. Anza na gari. Taka zikifungwa kwenye viroba kisha zikaachwa ukingoni, mvua inayofuata itazirudisha mtoni, na jasho lenu litakuwa limekwenda bure.

Gari linapatikanaje? Nenda kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa wako, mweleze ni sehemu gani na siku gani, kisha muombe akukutanishe na bwana afya wa kata ili mjue gari la taka litapita saa ngapi. Kuomba hakuna malipo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi inafaa zaidi kwa sababu ni siku ya usafi nchini kote, na viongozi wengi huwa tayari wako barabarani. Gari la jiji lisipopatikana, changishaneni mkodi toyo au kirikuu. Pataneni bei kabla ya kuokota hata chupa moja, na dereva akubali kufika dampo la Muriet. Anayetaja bei ya chini mno muulize kwanza atamwaga wapi. Wapo wanaomwaga kwenye korongo la mtaa wa pili.

Ni lini salama kushuka mtoni? Kilele cha Mlima Meru kina urefu wa zaidi ya mita 4,500, nasi tuko kwenye mita 1,400 hivi, hapo chini yake. Mvua ikinyesha mlimani, mito ya Themi, Naura, Ngarenaro na Burka huweza kujaa wakati Sombetini kuna jua. Kwa hiyo tazama mlima kabla ya kushuka. Ukiona wingu zito juu, au maji yanabadilika rangi na kuleta vijiti, pandeni wote. Watoto wasishuke kabisa, kwani Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya mvua hapahapa jijini na watoto wakapoteza maisha. Kukitokea hatari, Zimamoto na Uokoaji wanapatikana kwa namba 114, bila malipo.

Vifaa ni vichache: gambuti au viatu vigumu vinavyofunika mguu, glovu nene za mpira, reki, koleo na viroba vitupu vya unga. Muulize mwenye duka au mashine ya kusaga; kiroba kilichotumika huuzwa kwa mamia ya shilingi tu. Glovu nyepesi za hospitali zisikudanganye, kipande cha chupa huzipasua mara moja.

Mkiokota, tengeni mafungu. Chupa za plastiki na vyuma wapeni vijana wanaouza makopo na chuma chakavu kwa kilo. Watafurahi, na mzigo wa gari utapungua. Mifuko, nepi na vitambaa viende dampo. Msichome plastiki, moshi wake ni sumu. Sindano usiishike kwa mkono hata kama umevaa glovu: iokote kwa koleo, itumbukize kwenye dumu gumu lenye kifuniko, andika “sindano”, upeleke kituo cha afya. Mzoga wa mnyama mwachieni bwana afya aelekeze pa kuuzika, mbali na maji.

Kuna kosa moja ambalo vikundi vingi hulifanya kwa nia njema: kufyeka. Matete, nyasi na mizizi ndivyo vinavyoshika udongo wa ukingo. Toa taka, acha majani. Gogo kubwa lililoziba kalavati si kazi ya mikono yenu. Toeni taarifa mtaani ili TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, waarifiwe.

Mkimaliza, naweni kwa sabuni na maji safi kabla ya kugusa chakula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ukichomwa au kukatwa, osha jeraha kisha uende kituo cha afya siku hiyohiyo kuuliza kuhusu sindano ya pepopunda. Ukipata homa na maumivu ya misuli siku chache baadaye, mwambie daktari kwamba ulikuwa kwenye maji ya mafuriko. Homa ya Mgunda, iliyozuka Lindi mwaka 2022, huletwa na mkojo wa wanyama kama panya unaoingia kwenye maji. Ukiharisha majimaji kama ya mchele, usisubiri kesho. Hicho huenda ni kipindupindu.

Na mwenye kiwanja kinachopakana na mto? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo jalala la nyuma ya nyumba halina utetezi. Maji yetu hushuka hadi Kikuletwa, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani hadi baharini, na njiani kuna watu wanaoyanywa. Wiki hii nenda kamwone mwenyekiti wa mtaa, mpange gari.