Land Rover Iliyochemka Kitonga: Mafunzo Niliyopata

Land Rover yangu ni 110 ya mwaka 1996, injini ya 300Tdi, dizeli ya lita 2.5. Kazi yake ni kubeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa, kwa hiyo hakuna safari isiyopanda mlima wa Kitonga. Siku ninayoisimulia nilikuwa na magunia manane nyuma na mpwa wangu kiti cha pembeni. Mshale wa temperecha ulikuwa umeanza kupanda tangu Mahenge. Tulipofika kona ya tatu ukashuka ghafla.

"Shangazi, imepoa," akasema.

"Mungu mkubwa," nikamjibu, nikaongeza mafuta.

Hatukufika kona ya tano. Injini ilikata nguvu, moshi mweupe ukajaa nyuma, mpwa wangu akaruka kuweka jiwe kwenye tairi na kutandaza matawi barabarani ili malori yatuone.

1. Mshale ukishuka katikati ya mlima, ogopa.

Geji haijui joto la injini. Inajua joto la kitu kinachogusa kihisio chake. Maji yakiisha, kihisio kinabaki kwenye hewa na mvuke, nao mshale unarudi chini huku chuma kikiungua. Sasa najua kwamba mlimani mshale hushuka taratibu kwa sababu umepunguza mwendo au umefika tambarare. Ukishuka wakati bado unakanyaga mafuta, simama hapo hapo, zima injini.

Na ukishasimama, usifungue mfuniko wa maji. Mpwa wangu alikuwa ameshaukamata, nikampigia kelele mpaka dereva wa lori akageuka. Tulisubiri zaidi ya nusu saa. Wala usimwagie injini ya moto maji baridi, hedi inaweza kupasuka.

2. Gasketi iliyoungua si ugonjwa, ni kidonda.

Hili ndilo lililonilia fedha. Hedi ya 300Tdi ni ya aluminiamu, imekaa juu ya bloku ya chuma. Ikizidiwa joto inapinda, gasketi inaachia. Tulikuta mafuta ya injini yamekuwa kama chai ya maziwa. Fundi akaifungua, hedi ikapelekwa kuchongwa iwe sawa, gasketi mpya ikafungwa, nikalipa. Kwa kuwa nilikuwa na hasira, nikanunua na pampu ya maji mpya, ingawa ya zamani haikuvuja wala kupiga kelele.

Wiki ya tatu ikachemka tena, Kitonga ile ile. Tulikuwa tumeziba kidonda bila kuuliza kilichokata ngozi.

3. Uliza inachemka wapi kabla ya kuuliza kimeharibika nini.

Safari hii nilikwenda kwa mzee mmoja Iringa, fundi rejeta. Hakushika spana. Aliniuliza, "Mama, ukiwa tambarare, mwendo wa themanini, inachemka?" Nikamwambia hapana. "Ukipanda na mzigo, mwendo wa ishirini?" Ndiyo, hapo kila mara.

Kwa maswali hayo mawili alikuwa ameshapunguza nusu ya kazi. Gari likikimbia, upepo wenyewe unapita kwenye rejeta. Likitambaa mlimani, upepo huo haupo, feni ndiyo inayotegemewa. Gari linalochemka kwenye mwendo mkubwa barabara tambarare, angalia kwanza ndani ya rejeta na mzunguko wa maji. Linalochemka likitambaa tu, anza na upande wa hewa. Si sheria isiyovunjika, lakini ingeniokoa na ile pampu.

4. Tafuta kilichotolewa.

Kisha mzee akainama mbele ya boneti, akauliza, "Kava la feni liko wapi?"

Nilinyamaza. Lile plastiki linalozunguka feni lilivunjika sikio miaka miwili nyuma, likawa linagonga. Nililitoa mwenyewe nikalitupa stoo, nikijiona nimepunguza makelele. Kumbe bila kava feni inavuta hewa kutoka pembeni, pale penye urahisi, badala ya kuivuta kupitia rejeta. Hakuna aliyeniambia, na sikumuuliza mtu.

Thamostati nayo haikuwepo. Aliyenihudumia zamani aliitoa "ili maji yapite vizuri," na kwa vile mafundi wengi wa kwetu hufanya hivyo, niliona ni ujuzi. Kwenye injini nyingi thamostati ikifunguka inaziba pia njia ya mkato. Ukiitoa, maji mengine yanarudi kwenye injini bila kuonja rejeta. Halafu asubuhi za Iringa, zile za mwezi wa sita na wa saba, injini inatembea ikiwa baridi na kula dizeli bure. Tuliweka mpya, ya digrii 88.

5. Feni inapimwa kwa mkono.

Feni ya gari hili haikufungwa moja kwa moja na puli. Katikati pana klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, inayoshika zaidi inapopata joto. Zima injini ikiwa ya moto, hakikisha feni imesimama, izungushe kwa kidole. Yangu ilizunguka kama pia ya mtoto. Ilitakiwa iwe nzito, isimame mara tu ukiiachia.

6. Mfuniko ni spea, si kizibo.

Aliyepika maharage Dar es Salaam kisha akahamia Iringa anajua yanavyochelewa kuiva huku. Kila mita 300 unazopanda, maji yanachemka karibu digrii moja mapema. Kwenye mita 1,500 sufuria inachemka kwenye digrii 95 hivi. Mfuniko wa tangi la akiba kazi yake ni kufungia presha. Presha ikiongezeka kwa baa moja hivi, maji hayachemki mpaka yakaribie 120. Wangu ulikuwa umekwisha mpira, nimeufunga na kipande cha nailoni. Nasema haya kwa aibu.

7. Maji ya kisima yanajenga birika ndani ya rejeta.

Mzee alipolifungua tangi la juu la rejeta, mirija ilikuwa na chokaa ile ile unayoikuta kwenye birika. Aliichokoa mmoja mmoja. Nilidhani kulanti ni ya nchi za barafu. Kumbe inazuia kutu pia, na injini yenye aluminiamu na chuma ndani ya maji yale yale inaihitaji hata Tanga. Nachanganya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri.

8. Toa hewa.

Ukijaza maji kwenye tangi peke yake, hewa inabaki juu. 300Tdi ina plagi juu ya nyumba ya thamostati. Ifungue, jaza hapo mpaka maji yatoke bila mapovu.

9. Panda na gia ndogo mapema.

Ukiivuta injini kwenye gia ya tatu mpaka ilie, feni na pampu zinazunguka polepole wakati joto ni kubwa kuliko wakati wowote. Madereva wa malori wanabadilisha kabla ya kona. Nami siku hizi nashusha gia mapema, na mshale ukianza kusogea nawasha hita mpaka mwisho, maana nayo ni rejeta ndogo. Mpwa wangu analalamika miguu inaungua. Avumilie.

Tangu hapo nimepanda Kitonga mara nyingi, magunia manane yale yale, na mshale haujavuka nusu. Kava la feni nililitoa stoo, sikio lililovunjika nikalifunga kwa waya. Kama nawe unalo lako mahali limelala, lirudishe kabla hujanunua pampu.