Glasi Moja, Hukumu Mbili

Wadogo zangu, leo tukae jikoni, maana huko ndiko jambo hili lilikonikuta.

Juzi nilikuwa kwa shoga yangu. Binti anayemsaidia kazi za nyumbani aliponyokwa na glasi, ikapasuka sakafuni. Shoga yangu hata hakuinuka. "Hawa wa kule ndivyo walivyo," akaniambia, akalitaja na kabila, na binti mwenyewe yupo pale pale, ameinama, anaokota vipande kimoja kimoja na kuviweka kiganjani. Saa haikupita, mwanawe wa darasa la tano akavuta kitambaa cha meza, glasi nyingine ikaenda chini. "Pole mwanangu, hujajikata?"

Glasi zote mbili zilikuwa za seti moja.

Kosa hili la kuhukumu lina maelezo yake. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Thomas Pettigrew, aliandika kwamba mtu wa kundi tusilolipenda akikosea, tunasema ndiyo tabia yao wote. Akifanya vizuri, tunasema kabahatisha, au "huyu siyo kama wenzake". Wa kwetu akikosea, ni bahati mbaya tu. Kwa hesabu hiyo yule binti hashindi kamwe: wema wake ni wake peke yake, kosa lake ni la ukoo mzima.

Na msidhani ugonjwa huu ni wa watu wenye roho mbaya tu. Henri Tajfel, mwanasaikolojia Myahudi mzaliwa wa Poland ambaye ndugu zake waliuawa na Wanazi, alitaka kujua ubaguzi unahitaji nini ili uanze. Huko Bristol, Uingereza, aliwaonyesha wavulana 64 wa shule nukta nyingi, wakisie idadi yake. Kisha akawaambia wengine wamezidisha, wengine wamepunguza, wakawa makundi mawili. Kumbe kuwagawa kulikuwa kwa bahati nasibu tu! Walipopewa nafasi ya kuwagawia wenzao pesa kidogo, bila kujua majina, wengi walipendelea kundi lao. Matokeo yakachapishwa mwaka 1970. Hapakuwa na shamba la kugombea wala kisasi cha mababu. Ikiwa nukta zinatosha, sembuse kabila?

Najua mtaniambia, "Dada, sisi tunataniana tu." Utani naujua. Mnyamwezi na Mzaramo hutaniana hata msibani na hakuna anayenuna, kwa sababu kila mmoja ana haki ya kujibu. Yule binti angejibu nini, na mshahara wake uko mkononi mwa msemaji? Neno ambalo mwenzio hawezi kukurudishia si utani, ni dharau.

Sasa tufanyeje? Mwanasaikolojia mwingine, Gordon Allport, katika kitabu chake cha mwaka 1954, alieleza kuwa ukaribu peke yake hauondoi chuki. Chuki hupungua watu wanapokutana kwa hadhi sawa, wakishughulikia jambo moja pamoja, na wenye mamlaka wakiunga mkono. Ndiyo maana unaweza kuishi na mtu nyumba moja miaka mitatu usimjue: wewe unakula sebuleni, yeye jikoni. Mkono wake kwenye chumvi unaujua, jina la mama yake hulijui.

Basi mdogo wangu, ulimi ukitaka kusema "hawa watu", jiulize kwanza: angekuwa mwanangu, ningesemaje? Kisha sema hivyo hivyo. Mkaribishe mezani, umuulize ya kwao, naye akuulize ya kwako. Na kwa kuwa mwenye mamlaka nyumbani ni wewe, kauli ya dharau ikianza, hata kwa mgeni, ikatize.

Shoga yangu nilimwambia haya tukiwa wawili tu, maana kumuumbua mtu hakumfundishi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Na mtoto alisikia." Ndiyo, alisikia hukumu zote mbili.

Leo usiku chakula kikipakuliwa, angalia ni nani hayupo mezani.