Mume wangu anajenga nyumba juu ya Fuso bila kuniuliza

Dada yangu wa Tanga,

Nimeielewa hofu yako. Shemeji amestaafu udereva wa watalii, kiinua mgongo kimenunua lori la Fuso, na wiki ijayo fundi anaanza kuchomelea fremu ndani ya boksi lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 2 na sentimita 20. Yeye anataka kitanda kikubwa nyuma, bafu, jiko, na meza ya watu sita watoto wakija. Wewe utaishi humo safarini miezi na miezi, lakini hukuulizwa hata utalala upande gani. Unaogopa ukisema utaonekana unamkatisha tamaa.

Sema, dada, na useme kabla chuma hakijakatwa. Muombe fundi asubiri, halafu mchore mstatili wa vipimo hivyo kwa chaki uani. Wekeni magodoro penye kitanda, maboksi penye jiko, ndoo penye choo. Kaeni humo kutwa nzima bila kuvuka mstari, kama vile nje mvua inanyesha. Pikeni, vaeni, pishaneni. Mkifika jioni, shemeji atakuwa ameona kwa macho yake yale ambayo wewe unashindwa kumwambia kwa mdomo.

Kitanda ndicho kitakachoamua mambo mengine. Kikilazwa kwa mapana ya gari kinakula mita moja na nusu tu ya urefu, ndiyo maana wajenzi wengi wanakipenda. Lakini umeniandikia kwamba wewe unaamka mara mbili tatu usiku, na yeye saa kumi alfajiri yuko macho. Kwenye kitanda cha namna hiyo, anayelala upande wa ndani lazima amruke mwenzake kila anapotoka. Kwa umri wenu mimi nisingekubali. Ningeweka vitanda viwili vya sentimita 75, kila kimoja kwenye ukuta wake, na njia ya sentimita 70 katikati. Mchana ni makochi, chini yake ni makabati, na mkitaka kulala pamoja mnaweka ubao na godoro dogo katikati.

Njia hiyo inakupa na kile ulichokitaja mwishoni mwa barua, kana kwamba ni jambo dogo: mahali pa kuswali. Mswala unaenea pale. Kwa Tanga kibla ni kama kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo mkiegesha gari pua ikielekea kaskazini, njia yote inaelekea kibla. Mwambie shemeji kwamba hili kwako linatangulia meza ya watu sita. Watoto wakija watakaa nje chini ya turubai na kulala kwenye mahema. Nyumba ijengwe kwa ajili ya wanaoishi humo kila siku.

Bafu la ndani nalo si lazima, kwa nchi zetu zenye joto. Kuoga nje nyuma ya pazia kunatosha. Lakini choo cha ndani usikiachie hata kidogo. Mkilala porini huwezi kushuka usiku wa manane kwenye fisi na tembo. Kipo choo kikavu kinachotenga mkojo na kinyesi, unamwagia majivu au maranda, hakitumii maji, na kinaenea kwenye kabati.

Maji yanataka hesabu. Lita 300 ni kilo 300, bado tangi lenyewe. Shemeji anataka liwe nyuma kabisa pamoja na jiko. Hapo muulize kama dereva, naye atajijibu: mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli ya mbele inapungukiwa na uzito na usukani unakuwa mwepesi. Tangi likae chini, kati ya ekseli mbili. Juu ziende nguo na mablanketi. Kazi ikiisha, jazeni maji na mafuta mkapime kila ekseli kwenye mizani.

Fundi naye aulizwe boksi litashikwaje kwenye chasisi. Chasisi ya lori hujipinda kwenye mashimo. Boksi likikazwa bolti kila upande bila springi wala nafasi ya kucheza, litapasuka kwenye kona na mlango utagoma kufunga.

Mtungi wa gesi ukae kwenye kisanduku kinachofunguka nje tu, chenye tundu sakafuni, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, pale pale mnapolala. Dirisha moja liwe kubwa kiasi cha mtu kutoka, moto ukitokea mlangoni. Mlango uwe kushoto ili mshukie pembeni mwa barabara. Mkivuka kwenda Rwanda au Burundi, wanakoendesha kulia, utafungukia kwenye magari, basi mshuke kwa uangalifu. Matundu ya hewa msiyaweke nyuma. Gari likikimbia, vumbi lote linavutwa huko.

Unapoanza mazungumzo, usianze na makosa ya ramani yake. Mwambie unataka kusafiri naye, na kwa sababu hiyo unauliza utalala wapi, utaswali wapi, usiku utashukia wapi. Na fundi mlipeni siku zake za kusubiri, asije akabaki na kinyongo na kazi yenu.