Somo la Mwezi: Msichana Naye Apewe Saa Yake



Ukipita uwanja wa DC kule Kibera Jumamosi jioni, au kiwanja cha shule huku Kawangware, hebu hesabu vijana wanaocheza mpira. Kisha hesabu wasichana. Wengi wako wapi? Wako kwenye foleni ya maji na mtungi, wanafua, au wamebeba mtoto wa mama aliye sokoni. Hatusemi kazi ya nyumbani ni mbaya. Twauliza tu: mbona kaka yao ameachiliwa aende?

Mwezi huu tujifunze kwa Tegla Loroupe.

MSICHANA WA POKOT

Tegla alizaliwa mwaka 1973 huko Pokot Magharibi, katika boma lenye watoto zaidi ya 20. Alilea wadogo zake, akafanya kazi ya shamba, na kwenda shule alikimbia kama kilomita 10. Huko shuleni ikaonekana anawaacha nyuma hata waliomzidi umri. Lakini baba yake hakukubali. Kwake riadha haikuwa jambo la mwanamke. Wakubwa wa michezo nao walimwona mdogo na mwembamba mno. Aliyesimama naye ni mama yake. Mwaka 1988 alishinda mbio za nyika bila viatu, ndipo watu wakaanza kumtazama.

NJIA INAFUNGUKA

Tukumbuke hakuwa wa kwanza kujaribu. Kenya ilipeleka wanawake kwenye Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1968 huko Mexico: Lydia Stephens, Tecla Chemabwai na Elizabeth Chesire. Lakini mbio ndefu bado zilikuwa za wanaume. Marathoni ya wanawake haikuingizwa Olimpiki hadi 1984, kwa kuwa wengi walidhani mwili wa mwanamke hauwezi kilomita 42.

Novemba 1994 Tegla alishinda marathoni ya New York, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo. Mwaka 1995 akarudi, akashinda tena. Aprili 1998, mjini Rotterdam, alikimbia kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 47, akavunja rekodi ya dunia iliyokaa miaka 13. Mwaka uliofuata, Berlin, akapunguza sekunde 4 zaidi. Mwaka 2008 Pamela Jelimo akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kupata dhahabu ya Olimpiki. Mmoja akipita, njia hubaki wazi.

Tegla hakula ushindi peke yake. Mwaka 2003 alianzisha shirika la amani, akawaita vijana wa jamii zinazoibiana mifugo wakimbie pamoja badala ya kupigana. Mwaka 2016 aliongoza msafara wa timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio. Wakimbiaji 5 wa timu hiyo walitoka kambi ya Kakuma, wakafanya mazoezi Ngong, kule inakoelekea barabara hii hii tunayopandia matatu. Bendera yao ilibebwa na msichana, Rose Nathike Lokonyen.

NENO LA MUNGU

Someni Hesabu 27:1-11. Binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wazee wote, wakaomba urithi ambao desturi iliwanyima. Musa hakuwafukuza. Alipeleka jambo lao kwa Bwana, na Bwana akasema wana haki. Sheria ikabadilika, si kwao tu bali kwa binti wote wa Israeli ambao baba yao hakuacha mwana wa kiume.

TUFANYE NINI?

Mama akisema, "Naogopa kumtuma binti yangu uwanjani," hakosei. Vichochoro vyetu twavijua. Basi tusimlaumu, tumsaidie.

1. Kazi ya nyumbani iwe na zamu. Mvulana naye abebe mtungi na kufua.
2. Kina mama wa ploti moja wapokezane kulea watoto, ili wasichana wapate saa moja.
3. Wasichana waende pamoja, wakisindikizwa na mama anayejulikana, na warudi kabla ya giza. Mwalimu wa mchezo awe mtu ambaye wazazi wanamfahamu.
4. Kamati ya kanisa iwaombee wasichana saa yao uwanjani, wasingoje wavulana wachoke.

Si kila msichana atakuwa Tegla. Wengi watapata afya, marafiki, na ujasiri wa kusema "hapana" inapobidi. Hilo pekee latosha.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA JUMUIYA

1. Nyumbani kwako jana, nani aliteka maji? Nani alicheza?
2. Baba Tegla alikataa, mama akakubali. Kwako wewe ingekuwaje?
3. Ni desturi gani kwetu tunapaswa kuipeleka mbele za Bwana, kama Musa alivyofanya?

Kila jumuiya ichague jambo moja, ianze nalo wiki hii. Mungu awabariki.